Saumu ya Vidonge

Katika kijiji cha Măgurița, nyumba ya akina Clinciu ilijulikana kwa jibini yake ya gome, na jibini hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, ilitegemea ulimi wa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Saveta, mke wa Nicodim Clinciu, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye mikunjo ya vidole vyake haikuisha weupe wa chumvi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Jibini mbichi ya maziwa ya kondoo iliachwa ichachuke kwa wiki mbili, ikasagwa, ikatiwa chumvi, ikakandwa ndani ya hori la mbao mpaka ikawa laini kama udongo wa mfinyanzi. Kisha ilishindiliwa ndani ya mkebe wa gome la msonobari na kuachwa ikomae kwa miezi mingi. Aliyekosea chumvi siku ya kukanda hakujua kosa lake mpaka majira ya baridi, na wakati huo hakuna la kufanya. Kwa sababu hiyo aliyeonja alikuwa mmoja tu, na neno lake halikupingwa na yeyote. Saveta alichukua donge dogo, akaliweka ulimini, akafumba macho, na kusema neno moja kati ya mawili: "Ongeza," au, "Basi."

Kazi hiyo hakupewa kwa upendo. Siku ya tatu baada ya harusi, akiwa na miaka kumi na tisa, mama mkwe wake Rafila alimsimamisha mbele ya hori, shangazi wote wakitazama.

"Haya, kanda tuone," Rafila alimwambia. "Huko kwenu bondeni mnakanda nini, matope ya viazi?"

Saveta alikanda. Zaharia, mume wa Rafila, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya magome, alisema bila kuinua kichwa, "Mpe aonje."

Saveta alionja, akaona haya, akasema, "Imezidi kidogo, mama."

Chumvi ile alikuwa ameitia Rafila mwenyewe. Zaharia aliinuka, akaonja, akacheka mpaka akajifuta macho. "Huyu ana ulimi," alisema. "Wewe, bibi, miaka yote hii tumekula kazi ya mikono yako tu, bila ulimi."

Mzee alikuwa anatania. Hata hivyo, shangazi walicheka, na Rafila hakusahau. Kuanzia siku hiyo Saveta ndiye aliyeonja, na kila alichofanya zaidi ya kuonja kilikuwa kibaya: ugali wake mgumu, shuka zake chafu, watoto wake wawili wa kike wadogo kama paka. Zaharia alimkinga kwa mzaha, mwaka baada ya mwaka. Alipofariki mwezi wa Februari, katika ile theluji nzito ya mwaka wa tisini na moja, Saveta ndiye aliyemfumba macho.

Ugonjwa ulimjia majira ya baridi yaliyofuata. Mwanzoni watu walidhani ni msiba, lakini msiba una sura ya mtu, na aliye ndani yake hulia akikumbuka jambo fulani. Saveta hakukumbuka chochote wala hakulia. Aliamka saa tisa za usiku na kukaa macho. Mchana alikaa kitandani akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Kula, kuoga, kuvaa soksi, kila kimoja kilikuwa mlima.

"Bibi harusi bado amelala?" Rafila aliuliza kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika barabarani. Na jirani alipokuja kuazima chujio, alimwambia, "Pita taratibu, tuna malkia ndani. Akiamka tutapiga kengele."

Mwaka wa pili walimletea maji ya baraka. Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya Januari, Saveta alitoka na viatu vya ndani, akakaa kwenye ukingo wa kisima, miguu ikining'inia upande wa maji. Nicodim alimkuta hapo, nywele zikiwa zimeganda. Alipomuuliza alikuwa anafanya nini, alijibu kwa uaminifu: "Nilikuwa nachoka kurudi ndani." Nicodim, ambaye maisha yake yote alimwogopa mama yake kuliko dubu, siku hiyo hakumuuliza mama yake. Alimpandisha mkewe kwenye gari la jirani akampeleka mjini Brașov.

Huko walimkuta Daktari Hermina Roth, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyetabasamu bila sababu. Alimsikiliza Saveta kwa saa nzima, kisha akachora kwenye karatasi vitu viwili kama vichaka, vinatazamana, katikati pana mfereji mwembamba.

"Hizi ni seli za neva," alisema. "Moja ina ujumbe kwa mwenzake, lakini hazigusani. Kwa hiyo inadondosha matone ya kemikali kwenye huu mfereji. Moja inaitwa serotonini, nyingine noradrenalini. Yakishafika ng'ambo na ujumbe ukasikika, matone hayaachwi hapo. Mengine yanavutwa kurudi yalikotoka. Mengine yanavunjwavunjwa na kimeng'enya. Umenielewa?"

"Kama maji ya kuoshea hori," Saveta alisema. "Mengine unayachota tena, mengine unamwaga."

"Vizuri sana. Sasa dawa zetu zote zinacheza na jambo hilo moja, matone yakae mferejini muda mrefu zaidi. Usije ukadhani una upungufu, kama jibini iliyokosa chumvi. Hakuna aliyekupima ubongo. Tunajua tu kwamba tukigusa hapa, wengi huinuka. Na hawainuki kesho. Matone yanaongezeka siku ile ile, mtu anainuka baada ya wiki nne, sita. Kwa nini, hatujui sawasawa."

Alianza kumpa dawa za zamani, zile ambazo molekuli zake zina umbo la pete tatu zilizoshikana. Hizi huzuia serotonini na noradrenalini zisivutwe kurudi. Ubaya wake ni kwamba mkono wake si mwepesi: zikiwa zinafunga mlango uliokusudiwa, zinagonga na milango ya jirani. Saveta alipata usingizi, na hilo lilikuwa baraka. Lakini macho yalimwingia ukungu, choo kikawa kigumu, na mdomo ukamkauka kama gunia. Siku ya kukanda ilipofika aliweka donge ulimini na hakusikia kitu. Alisema, "Ongeza." Akaonja tena, akasema, "Ongeza."

Mikebe ya msimu ule ilipopasuliwa mwezi wa Novemba, jibini yote ilikuwa haimezeki. Rafila hakufoka. Alisubiri wanunuzi wa Brașov wafike, wanaume watatu na mke wa mmoja wao, akawakaribisha mezani, kisha akakata pande nene akaliweka mbele ya mkwe wake.

"Mwonjaji wetu huyu," aliwaambia wageni. "Kula, mkwe wangu. Wageni wanataka kuona inavyoliwa."

Saveta alikula lote, polepole, bila maji, mate hayapo, wageni wakitazama sahani zao. Kisha akatoka nje.

Daktari Roth aliposikia habari hiyo alibadilisha dawa. Safari hii alimpa zile mpya, zilizokuwa zimeanza kufika nchini miaka michache nyuma, ambazo huzuia serotonini peke yake isivutwe kurudi na kuiacha milango mingine kwa kiasi kikubwa. "Hizi zina adabu," daktari alisema. Ni kweli mdomo ulirudi na mate yake. Wiki mbili za kwanza alichefukwa na harufu ya zizi, kisha hilo nalo likapita. Ila giza halikuinuka. Lilipauka tu. Mama yake mzazi alipozikwa bondeni mwezi wa Mei, Saveta alisimama kaburini akiwa mkavu, akijua kwamba anapaswa kulia, kama mtu anayejua kwamba kuna deni mahali lakini hajui la nani. Daktari aliongeza kipimo, akangoja, akaongeza tena. Mwaka mmoja ulipita hivyo.

"Imebaki aina ya tatu," daktari alisema mwishowe. "Ni ya zamani kuliko zote, na siipendi. Siipendi kwa sababu yenu, nyinyi watu wa jibini."

Alichora tena mfereji ule ule. Dawa ya aina ya tatu haizuii matone kuvutwa. Yenyewe inakwenda kwa kile kimeng'enya kinachoyavunja na kukifunga, moja kwa moja. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho hakikai kichwani peke yake. Kipo tumboni na kwenye ini pia, na huko kina kazi nyingine: kuvunja tairamini, kitu kinachozaliwa katika vyakula vilivyokaa vikachacha. Jibini mbichi haina shida. Jibini iliyokomaa miezi kadhaa imejaa tairamini. Mtu wa kawaida anaila na hajui. Aliyefungwa kimeng'enya, tairamini inapita nzima nzima mpaka kwenye damu, inafukuza noradrenalini yote itoke ghalani kwa mara moja, na shinikizo la damu linaruka kama farasi aliyechomwa. "Utasikia kisogo kinapasuka," daktari alisema. "Na wakati mwingine kinapasuka kweli, mshipa ndani. Kwa hiyo: jibini ya gome, hapana. Soseji kavu, hapana. Kabichi chachu, bia ya pipa, hapana. Na hata kuonja ukatema, hapana."

"Kazi yangu ni kuonja," Saveta alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimeileta mwisho."

Alisubirishwa wiki tano ili dawa ya pili imtoke mwilini, maana mbili hizo zikikutana zinaweza kuua, kisha akaanza. Orodha ya makatazo aliniletea mimi, niliyekuwa nimewafundisha binti zake hesabu, niiandike upya kwa herufi kubwa. Niliiandika kwa wino mweusi, mistari kumi na moja. Aliitundika kwenye msumari karibu na jiko.

Wiki ya nne ya dawa hiyo alikuwa anafua uani. Nicodim alimsikia anaimba. Hakuthubutu kwenda kutazama. Alisimama nyuma ya ukuta wa zizi mpaka wimbo ukaisha. Mwezi wa pili alilia kwa ajili ya mama yake, siku tatu mfululizo, kilio cha kweli chenye kamasi, na alipomaliza alikula viazi vitano. Alianza kuona rangi. Alinisimamisha barabarani kunionyesha ubao wa ua uliokuwa mwekundu. "Ulikuwa hivi siku zote, mwalimu?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Rafila alikuwa na miaka sabini na sita. Sasa ilimlazimu aonje mwenyewe, na hakuweza. Msimu ule jibini ilitoka doro, na wanunuzi walisema hivyo mbele yake. Hapo ndipo ulimi wake mwingine, wa maneno, ulipoanza kazi.

"Anafunga saumu," aliwaambia watu kanisani. "Sisi tunafunga kwa ajili ya Mungu, yeye anafunga kwa ajili ya kidonge."

Neno likashika. Wakamwita Mtakatifu Saveta wa Vidonge. Dukani waliulizana sikukuu yake iko tarehe gani. Na Rafila alipopata kalenda mpya ya kanisa, ile yenye misalaba midogo siku za kufunga, ambazo kwetu hatuli nyama, mayai wala jibini, na maandishi ya siku za kufunguliwa, aliitundika kwenye msumari ule ule karibu na jiko, juu ya orodha yangu, ikaifunika yote.

Februari ya mwaka wa tisini na nane ilikuwa mwaka wa saba wa Zaharia. Kwetu marehemu huandaliwa meza mpaka mwaka wa saba. Baada ya hapo hana meza yake tena. Siku ya meza hiyo chakula hupitishwa juu yake pamoja na mshumaa unaowaka, kwa jina lake, na anayepokea hula kwa niaba yake. Kilicholiwa, marehemu amekila. Kikikataliwa, ameondoka na njaa yake. Siku ilipangwa kuwa Jumamosi ya Wafu, kabla ya Kwaresima.

Saveta alisema atatengeneza jibini mbichi, bakuli kubwa, ale hiyo. Rafila akasema meza ya Zaharia ni ya jibini ya gome. Palikuwa na mkebe mmoja uliobaki, gome lililomenywa na Zaharia kwa mikono yake masika ya mwisho ya uhai wake, likahifadhiwa darini. Saveta alikuwa amelijaza mwaka uliotangulia, kabla ya dawa ya tatu. Ilikuwa jibini ya mwisho kuonjwa naye.

Jumatatu, Rafila alimkuta Padri Iosif akifagia theluji mbele ya kanisa.

"Baba, mgonjwa anayefunga, anaweza kufunguliwa siku ya marehemu wake?"

"Mgonjwa hafungi hata kidogo, bibi," padri alisema, akiendelea kufagia. "Kanisa halimtesi mgonjwa. Afunguliwe ale."

"Hata jibini?"

"Jibini, mayai, chochote kilichopo."

Rafila alimbusu mkono, akarudi nyumbani akakaa mezani bila kuvua koti. "Umefunguliwa," alimwambia Saveta. "Padri mwenyewe ametamka. Sina la kuongeza."

"Mama, hii si saumu. Ni dawa."

"Dawa inayokataza jibini Jumatano na Ijumaa na siku zote, inaitwaje?"

Nicodim alitafuta njia ya katikati, kama kawaida yake. "Acha vidonge basi, siku hizi chache," alimwambia mkewe walipobaki wawili. "Ufunge vidonge, halafu ufungue kwa jibini. Jumapili unaanza tena. Tutaishi."

Saveta alikwenda dukani kupiga simu Brașov. Mwenye duka alisikia yote na baadaye alinisimulia.

"Daktari, nikiacha leo, Jumamosi naweza kula jibini?"

"Leo Jumatano? Hapana."

"Mama mkwe anasema padri amenifungua."

"Amekufungua nini?"

"Saumu."

"Saveta, nisikilize. Dawa imekifunga kimeng'enya chako, na kufuli hiyo haina ufunguo. Mwili unakitupa kilichofungwa, unatengeneza kingine kipya, taratibu. Wiki mbili. Padri hawezi kuuharakisha, na mimi siwezi."

"Na kipande kidogo, kwa ajili ya marehemu?"

"Marehemu ni nani?"

"Baba mkwe. Alikuwa mtu mwema kwangu."

"Basi asingekubali."

"Ndiyo," Saveta alisema. "Lakini hayupo aseme."

Hakuacha vidonge. Aliniambia mwenyewe, Ijumaa, alipokuja kuazima viti: angeacha, angerudi kisimani, na hakutaka kurudi. Alisema atakula jibini yake mbichi na watu waseme wanavyotaka. Alisema kwa furaha kidogo, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Jumamosi tulikuwa watu kama arobaini katika chumba kimoja. Bakuli la jibini mbichi halikuwapo mezani. Saveta alilitafuta jikoni, akatoka uani, akalikuta tupu kando ya banda. Asubuhi na mapema Rafila alikuwa amewapa nguruwe. Alirudi akakaa. Nilikuwa viti vitatu kutoka kwake.

Rafila alisimama upande wa pili wa meza, mshumaa mkono mmoja, sahani mkono wa pili. Juu ya sahani palikuwa na duara la jibini lililokatwa pamoja na gome lake. Hakuanza na padri, wala hakuanza na mwanawe. Alimnyooshea Saveta.

"Kwa roho ya Zaharia."

Kwetu hakuna mkono unaokataa sahani ya marehemu, sijawahi kuuona. Saveta alipokea. "Mungu ampokee," alisema, akaiweka sahani mbele yake. Chumba kizima kilingoja.

"Haya, Mtakatifu," jirani mmoja alisema kwa upole wa kejeli. "Leo si umefunguliwa?"

"Mwacheni," Rafila alisema. "Atamwacha mzee aondoke na njaa, ni mara ya mwisho tu. Hatamsumbua tena."

Padri Iosif, mwishoni mwa meza, alikuwa anazungumza na mtu kuhusu bati za paa. Alisikia neno "umefunguliwa", akaitikia kwa kichwa akitabasamu, kama mtu anayeona wema wake umefika mahali. Saveta alimtazama Nicodim. Nicodim alikuwa anakata mkate, akaendelea kuukata mpaka ukawa makombo. Kisha alinitazama mimi. Mistari kumi na moja ile niliijua kwa moyo. Mbele yangu mshumaa ulikuwa unadondosha nta kwenye kitambaa cha meza, nikaushughulikia.

Alimega kipande kama ukucha wa kidole gumba, akala.

"Hicho cha ndege," Rafila alisema. "Zaharia alikuwa mwanamume."

Saveta alilishika gome, akalipitisha kidole pale kisu cha mzee kilipoacha alama. Alikata pande lililobaki, akalila lote, bila haraka. Alifumba macho kama alivyokuwa akifanya mbele ya hori.

"Basi," alisema.

Watu walicheka kwa kufarijika, pombe ya plamu ikamiminwa. Baada ya nusu saa alishika kisogo.

"Nicodim, kichwa."

"Tulia, kitapita."

"Si cha kupita. Kinapiga."

"Ameanza maigizo," Rafila aliwaambia wanawake. "Ameona kila mtu anamsahau."

Saveta alisimama, akatapika kwenye mikono yake kwa kujaribu kuzuia kitambaa cha meza kisichafuke, akaomba radhi, akaanguka upande wa kulia. Gari la wagonjwa lilipanda kutoka Bran kwa minyororo kwenye magurudumu, na lilifika baada ya saa moja na robo. Muuguzi aliyempima shinikizo alirudia kupima, akidhani kifaa kimeharibika.

Mshipa ulikuwa umepasuka upande wa kushoto wa ubongo. Hakufa. Mkono wa kulia ulikufa, na mguu unaburutwa, na maneno yanamjia polepole sana, moja moja, ingawa Daktari Roth alithibitisha kwamba akili yake ni nzima na kila kinachosemwa anakielewa. Dawa ya tatu iliondolewa. Mtu aliyepasuka mshipa hapewi tena. Baada ya wiki mbili alirudishiwa ya pili. Daktari hakuficha: hampi kwa kuwa inamfaa, anampa kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Giza lilirudi kabla ya Pasaka, na safari hii lilimkuta hawezi hata kutembea mpaka kisimani.

Padri Iosif alifika nyumbani, uso umemshuka. "Bibi Rafila, wewe uliniuliza kuhusu saumu."

"Na ni saumu gani nyingine, baba?" Rafila alimjibu. "Angalau mzee ameshiba."

Masika, maziwa yalipoanza, hori lilitolewa tena. Wanunuzi walikuwa wameonya kwamba jibini doro hawataichukua mara ya pili. Nilikuwa nimempelekea Saveta chupa ya sharubati, na bado nilikuwa nimesimama pale jikoni, wakati Rafila alipotia chumvi, akakanda, kisha akasita. Aliikagua jibini kwa macho, akainusa. Hatimaye alikwenda mpaka kwenye kiti alichokuwa ameketishwa mkwe wake, akampelekea donge mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe.

"Huna vidonge vile tena," alimwambia. "Sasa umefunguliwa kweli. Onja."

Saveta alilipokea ulimini. Alifumba macho. Kwenye hori palibaki ukoko wa jibini, nami nilikuwa nimeulamba kidogo kabla yake. Ilikuwa tamu, imekolea, haikuhitaji hata punje.

Alichukua muda mrefu kulitafuta neno, na mdomo uliopinda ulihangaika nalo.

"Ongeza," alisema.

Rafila akaongeza viganja viwili, akakanda, akarudi na donge jingine. Saveta alimtazama usoni, bila kufumba macho safari hii.

"Ongeza."

Nilikuwa pale, na kwa mara ya pili sikusema kitu. Rafila akaingiza mkono kwenye gunia la chumvi.